Hyasinta au Nyanam

Humu nitataja majina mawili tu, na yote mawili ni ya mtoto mmoja. Watu wengine nitawaita kwa jinsi walivyonihusu: mume wangu, mama mkwe, jirani. Walio hai hawapendi kuandikwa, na waliokufa, kama nilivyofundishwa katika ukoo nilioolewa, husikia wakitajwa.

Nilifika Kisumu katikati ya miaka ya themanini kutoka Maragoli, nikiwa na cherehani ya mkono na mdomo mkali. Nilipata pembe katika kibanda cha kushonea soko la Kibuye, na haukupita muda nikapata mume, Mjaluo wa Nyakach, fundi wa injini za boti kule Dunga, kando ya ziwa. Tulipanga Nyalenda, kwenye ploti yenye milango mingi na bomba moja. Mama yake aliponiona mara ya kwanza alinipima kwa macho kutoka utosini hadi vidoleni, akaniita Nyar Maragoli, yaani binti wa Maragoli, na kuanzia siku hiyo hilo ndilo likawa jina langu kwake. Sikujali. Kwao wanawake walioolewa huitwa kwa walikotoka, na mimi sikuwa na aibu ya nilikotoka.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa mvulana. Nilimpa jina la kwetu, jina la babu yangu, na mume wangu hakubisha kwa kuwa wakati huo tulikuwa bado tunapendana kijinga. Mtoto hakufikia kukaa. Asubuhi alikuwa anacheka, jioni alikuwa wa moto, na haikuchukua muda tukawa njiani kuelekea Katito, kwao mume wangu, na sanduku dogo magotini. Kwenye matanga, wanawake walipokuwa wakichambua mboga, nilimsikia mama mkwe akimwambia mwenzake kwa Kijaluo, lugha ambayo alidhani bado sijaielewa, kwamba lile jina halikuwa la mtoto yule. Kwamba alisubiri jina lake, akachoka, akaondoka. Nilitamani kumrushia sufuria. Sikumrushia, lakini maneno yale yaliniingia na hayakutoka tena.

Kwa hiyo nilipopata mimba ya pili, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa mtu wa maneno mawili. Mchana, kibandani, niliwaambia wenzangu kwamba mambo ya majina ni upuuzi mtupu, na kwamba malaria haimuulizi mtu anaitwa nani. Nikiwa peke yangu nilishika tumbo langu nikaogopa.

Mimba ilipokuwa kubwa, mume wangu alirudi siku moja kutoka Dunga amebeba karai la maji, na ndani yake mmea ambao sikuwa nimewahi kuuona. Majani yake ya mviringo yaling'aa kama yamepakwa mafuta. Vikonyo vyake vilikuwa vimevimba, ukivibonyeza vinarudi. Juu kabisa kulikuwa na ua la zambarau lenye jicho la manjano. Alisema mmea ule ulikuja wenyewe, ukielea kutoka mbali, fungu moja hapa na jingine pale, na wavuvi walikuwa wakiuchukua kuwapelekea wake zao.

"Kuna mzungu alikuja hapo bichi akaiona," aliniambia. "Akapiga picha mingi sana. Nikamuuliza, hii maua inaitwa aje? Akasema haisinti. Alisema mara mbili, pole pole. Haisinti, haisinti. Kama mtu anaomba."

Leo nadhani mzungu yule alijua alichokuwa anakitazama. Sisi hatukujua. Tuliweka karai mlangoni, na majirani wakaja mmoja mmoja kuomba chipukizi, kwa sababu mmea ule ulizaa pembeni kila kukicha. Haukutaka udongo, haukutaka mbolea, haukutaka kubembelezwa. Mwishowe ploti nzima ilikuwa na maua ya zambarau ndani ya mikebe ya mafuta ya kupikia, tukajiona watu wa maana. Padri alipopita kubariki nyumba alituambia kwamba Hyasinta ni jina la Kikristo pia, hata kama si wengi wanaolitumia siku hizi. Mume wangu akanitazama, nami nikajua anachokifikiria. Akiwa msichana, ataitwa ua lake.

Alikuwa msichana. Alizaliwa mzito, na nywele nyingi, tena mtulivu. Utulivu ule wa siku za mwanzo niliufurahia sana. Halafu akaanza kulia.

Hakikuwa kilio cha njaa wala cha tumbo. Alilia akiwa amefumbua macho, akitazama kitu nyuma ya bega langu. Alishika titi akaliacha. Hospitalini walimpima wakasema mtoto ni mzima, nirudi naye nyumbani. Jirani yangu wa karibu na bomba, mama aliyelea watoto wengi, alinipa mawaidha ya kila namna, mara maji ya bizari, mara nimfunge tumbo kwa kitambaa. Kisha siku moja akaacha mawaidha, akawa ananitazama tu. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa.

Mume wangu akatuma watu Nyakach. Mama mkwe alifika asubuhi pamoja na dada yake mkubwa, wakiwa na kuku na unga wa mtama. Hakumsalimia mtu. Alisimama mlangoni akamsikiliza mtoto, kama fundi anavyosikiliza redio mbovu, kisha akasema:

"Huyu hana ugonjwa. Huyu anadai jina."

"Ana jina tayari, Mama," nikamwambia. "Anaitwa Hyasinta."

"Hiyo ni jina ya maua. Mimi nasema jina ya mtu."

Kwao mtoto haji peke yake. Kuna mtu wa ukoo aliyekwisha kufa ambaye humfuata akitaka kukumbukwa, na mtoto hulia mpaka mtu huyo atambuliwe. Kazi ya wakubwa ni kuwataja wafu mmoja mmoja huku mtoto akilia. Akitajwa mwenyewe, mtoto hunyamaza na kunyonya. Kwetu Maragoli pia tunawapa watoto majina ya waliokufa, lakini tunachagua sisi, hatungoji wao waje kujichagulia. Nilisema hivyo kwa sauti.

Walinikalisha kwenye mkeka na mtoto kifuani. Mlango uliachwa wazi, na wanawake waliokuwa bombani wakazima maneno yao. Mama mkwe akaanza. "Kama ni wewe, mama ya mama yangu, nyamaza unyonye." Mtoto akalia. "Kama ni wewe, uliyenilea, nyamaza unyonye." Mtoto akalia. Aliwataja nyanya na mashangazi, aliwataja wake wenza wa mama yake. Alimtaja mmoja aliyekuwa kiwete na mmoja ambaye hakupendwa na mtu. Alimtaja hata mmoja aliyesemekana kuwa mchawi, ila huyo alimwomba radhi kwanza. Mtoto alilia mpaka sauti ikaanza kukwaruza, na mimi nikawa nalia naye bila kujua.

Mwishowe mama mkwe akanyamaza. Dada yake akamwambia kwa Kijaluo, "Umebakisha mmoja."

"Huyo hatumwiti."

"Basi mtoto atakufa."

Mama mkwe akainuka. Akaenda mpaka mlangoni, akasimama akitazama karai la maua, mgongo wake kwetu. Kisha akalitaja jina hilo, si kwa sauti ile ya kuamrisha aliyokuwa akiitumia, bali taratibu, kama unavyomwita mtu aliyelala chumba cha pili.

"Nyanam."

Mtoto akanyamaza. Akageuza uso, akakamata titi, na nikasikia anavyomeza. Hapo ndipo wanawake hupiga vigelegele, maana jina limepatikana. Hakuna aliyepiga. Mume wangu, aliyekuwa amesimama dirishani, alitoka nje bila viatu. Mama mkwe hakugeuka.

Nilikuwa nimeishi katika ukoo ule miaka kadhaa, na jina lile sikuwa nimelisikia hata mara moja. Mchana huo nilimfuata mume wangu nyuma ya choo, mahali alipojificha na sigara, nikamwambia asiniache gizani. Akanieleza. Nyanam alikuwa dada yake mkubwa. Mama yao alishikwa na uchungu akiwa ndani ya boti, akivuka kutoka Kendu Bay, na mtoto akazaliwa maji yakiwa pande zote. Akamwita Nyanam, binti wa ziwa, jina ambalo halikuwa la mtu yeyote kwao. Wazee walinung'unika kwamba amelipa ziwa kitu ambacho ziwa halikuwa limeomba. Mama alicheka tu. Alikuwa kijana, na mtoto alikuwa mzuri.

Nyanam akakua, akawa mchuuzi wa samaki, mrefu, mcheshi, karibu aolewe. Siku moja boti aliyopanda ilipinduka. Ziwa lilikuwa limetulia. Watu wote waliokuwa ndani walipatikana, wazima kwa wafu, isipokuwa yeye. Walimtafuta hadi wakachoka. Kwao mtu asipoonekana haizikwi hewa tupu: wanaume huenda kuchuma tunda la yago, lile tunda refu zito lisiloliwa na mtu, wakalilaza kaburini mahali pa mwili, likaliliwa kama mtu. Walifanya hivyo. Mama yake alikataa kutupa udongo. Alisema hamjui yule waliyekuwa wanamzika. Tangu wakati huo hakuwahi kusema binti yake amekufa, alisema ameenda, na akiulizwa wapi, anaondoka. Wazee wakakata kauli kwamba jina lile lisipewe mtoto yeyote, kwa sababu atakayelibeba, ziwa litamjua.

Hapo ndipo tulipokuwa. Tukimwita Nyanam, tunamwandikia ziwa haki juu yake. Tukimnyima, atalia mpaka amfuate kaka yake. Mimi nilijitahidi kuona kitu kingine: mtoto aliyechoka, aliyesikia sauti ya upole kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Hata nilimjaribu. Alipoanza kulia tena nilifunga mlango, nikamwita Hyasinta kwa kila sauti niliyokuwa nayo, ya kuimba, ya kubembeleza, ya kunong'ona. Akazidi kulia. Nikasema lile jingine mara moja tu, tena kwa ukali. Akanyamaza, akanitazama. Nikamlaza kitandani upesi, nikatoka nje.

Mume wangu ndiye aliyekataa kabisa. "Nitaitaje mtoto yangu jina ya dada yangu mwenye alizama?" alisema. "Nikiita asubuhi, nani ataitika?" Alisema maji ya ubatizo yana nguvu kuliko ya ziwa. Nilimshukuru kwa kusema hivyo. Nilitarajia vita na mama yake. Hakukuwa na vita. Mama mkwe alikuwa anakunja leso yake, na akasema bila kuinua macho, "Mpeleke kanisa. Jina ya kanisa ni ya kanisa."

Tukambatiza Hyasinta, akiwa amevaa gauni nililolishona mwenyewe. Alipiga kelele hadi padri akaharakisha. Baada ya hapo mama mkwe alisema atabaki kidogo kunisaidia, kwa kuwa nilikuwa narudi Kibuye kushona, na kuanzia wiki ile mtoto akatulia. Akanenepa. Nikatembea Nyalenda nimeinua shingo, nikimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba tumeshinda.

Halafu siku moja umeme ulipotea kibandani kwetu, pasi ikapoa, nikarudi nyumbani mapema. Nilisikia sauti ya mama mkwe kabla sijafika dirishani. Alikuwa anamwogesha mtoto. Alikuwa anazungumza naye kwa Kijaluo, pole pole, kama mtu anayezungumza na mtu mzima.

"Nyanam," alikuwa anasema. "Umekaa sana. Ulikuwa wapi siku hizo zote? Ulikula nini huko?"

Na mtoto alikuwa anacheka.

Mimi si mtu wa kumeza maneno. Nimewahi kugombana na konda mpaka basi likasimama. Lakini nilisimama pale dirishani nikaona anavyomfuta, anavyomlisha uji, na jinsi mtoto anavyofungua mdomo na kumeza hadi kikombe kinaisha. Mtoto alikuwa anakula. Nikarudi bombani, nikakaa juu ya jiwe mpaka wamalize.

Kwa hiyo mwanangu alikua na majina mawili. Moja lilikuwa langu, la baba yake na la kanisa. Lingine lilikuwa kati yake na nyanya yake, na hawakulitumia mbele yangu. Mama mkwe alikuja, akaenda, akaja tena, mpaka miguu ikamsumbua akahamia kwetu moja kwa moja. Nilikuwa nawatazama wakikaa mlangoni pamoja, bibi na mjukuu, nikihisi kwamba ndani ya nyumba yangu kuna mtu wa tano ambaye sikumkaribisha. Mtoto hakuugua hata mafua. Hilo nalo lilinitisha.

Wakati huohuo lile ua likawa linakuja. Mwanzo yalikuwa mafungu. Kisha yakawa visiwa, vinasukumwa na upepo, leo viko upande huu, kesho upande ule. Mume wangu alianza kurudi na mikono iliyochubuka kwa kukata mizizi iliyojisokota kwenye mapangaboi ya injini. Boti zikawa zinakaa nchi kavu kwa wiki. Nyavu zilipandishwa zimejaa majani. Watu walisema wameona nyoka humo, na mbu walizidi hata Nyalenda, na maji yakaanza kunuka. Karai letu nilikuwa nimeshalimwaga shimoni na kumimina mafuta taa juu yake. Nilipokuwa najifungua, haisinti lilikuwa neno la kupendeza. Sasa watu walilitema.

Nami nilikuwa nalo ndani ya nyumba, limevaa sare ya shule. Mwanzo ilikuwa mizaha. Wanawake wa samaki walimshika mashavu wakisema, "Huyu ndiye haisinti? Mbona mdogo hivi na amekula ziwa yote?" Tukacheka. Lakini njaa ikiingia, mzaha huwa na meno. Kulikuwa na mmoja wao ambaye mume wake alinaswa katikati ya magugu, upepo ukayafunga nyuma yake, na alipopatikana hakuwa hai. Siku moja nilimwita mwanangu pale Dunga, mama yule akiwa karibu. Aliweka beseni lake chini.

"Nyar Maragoli," akaniambia, "usiitange hiyo kitu mbele yangu. Tafadhali. Usiitange."

Shuleni walimwimbia. Alirudi nyumbani siku moja, akaweka mkoba, akaniuliza, "Mama, mbona mlinipatia jina ya takataka?"

"Ni ua," nikasema.

"Dani ananiita vizuri," akajibu. Dani ndivyo walivyomwita bibi. Ilikuwa mara ya kwanza kulikubali lile jina lingine mbele yangu, na aliponiona uso akachukua mkoba akatoka.

Hata mume wangu akalegea. Akawa anamwita "mama" tu, kama baba wengi wanavyowaita binti zao, ili asilitaje lile la magugu. Halafu siku moja, tukila, akasema labda tungebadilisha, labda mama yake alikuwa na haki tangu mwanzo, mtoto si amelibeba jina lile kimyakimya na amekuwa mzima? Nilimwambia hilo litafanyika nikiwa nimekufa. Nilibaki mimi peke yangu Kisumu nzima ninayesema Hyasinta kwa upendo. Sikuwa nalipenda tena jina lenyewe. Nilikuwa naogopa lile lingine zaidi.

Mvua kubwa zilikuwa zimepita, na mtoto alikuwa ameanza darasa la kwanza, tulipokwenda Dunga wote baada ya misa. Mume wangu alikuwa na injini ya kufungua. Mama mkwe alitaka kuona kama kuna samaki yeyote. Tulipofika hatukuona ziwa. Upepo ulikuwa umeyasukuma magugu yote kwenye ghuba, na kutoka mchangani hadi mbali sana ilikuwa kijani tupu, na juu ya kijani maua ya zambarau yasiyohesabika. Ndege walikuwa wanatembea juu yake. Wavuvi walikaa juu ya boti zao zilizopinduliwa. Mbali kabisa, huko mwisho, kulikuwa na mstari mwembamba wa maji uliong'aa.

Nilikuwa nabishana na mchuuzi juu ya samaki waliolala tangu jana, nikasikia wasichana wakicheka. Mmoja akapaza sauti, "Hyasinta! Si hiyo ndiyo shamba yako?"

Nikageuka. Alikuwa juu yake. Mahali ambapo magugu yameshikana sana yanaweza kumbeba mtoto kwa hatua chache, naye alikuwa amekwisha kupiga hatua hizo na anaendelea. Alikuwa amenyoosha mikono pembeni, amejaa majivuno, kwa mara ya kwanza jina lake likiwa mali yake. Kijani kilipanda na kushuka chini ya miguu yake.

Nikafungua mdomo, na sikupata jina la kumwita. Nikimwita Hyasinta, nitakuwa nampigia makofi aendelee. Na lile jingine sikuweza kulitamka pale, mbele ya maji yenyewe. Ndipo nikasikia fimbo ikianguka, na mama mkwe akapita karibu nami, yeye ambaye bila fimbo miguu yake haikuwa inambeba kutoka kitandani hadi mlangoni. Aliingia matope hadi magotini akipiga ukelele.

"Nyanam! Nyanam! Duogi! Nasema rudi!"

Mwanangu akasimama. Akageuka, akamtazama bibi yake. Nami nikamtazama, na nikaona kitu ambacho mpaka leo kinanitoa jasho. Mama mkwe hakuwa anamtazama mtoto. Macho yake yalikuwa yamempita, yakiwa kule mbali kwenye ule mstari wa maji, na mikono yake ilikuwa imenyooshwa huko. Machozi yalikuwa yanamtoka, na usoni alikuwa na furaha. Mtoto aliona hivyo pia. Akageuza kichwa nyuma, pole pole, aone ni nani anayekuja.

Magugu yakafunguka chini yake.

Sikumbuki kuingia. Nakumbuka nikiwa ndani hadi kifuani na mizizi imenizunguka miguu, na kila nikisukuma majani yanarudi. Mume wangu na wavuvi walikuwa wanasukuma mtumbwi juu ya magugu wakipiga kelele nishike mti waliokuwa wameunyoosha. Kichwa cha mtoto kilikuwa bado kinaonekana, mikono yake imekumbatia majani. Nikashika gauni lake mgongoni. Nilikuwa nimelishona kwa mshono maradufu, na halikuchanika. Walituvuta sote wawili, tumejaa tope jeusi, na mwanangu akatapika maji ya kijani mchangani. Yule mama aliyefiwa ndiye aliyemfunika kwa leso yake mwenyewe.

Nyumbani, mchana huohuo, nilimwogesha nikamkalisha karibu na jiko. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda, ncha ya nguo yake bado inadondosha maji. Mume wangu alisimama mlangoni.

"Mama," mtoto akaniuliza, "dani alikuwa anaita nani?"

"Wewe," nikasema. "Alikuwa anakuita wewe."

Akatikisa kichwa. "Apana. Alikuwa anaita mtu nyuma yangu. Niliangalia. Hakukuwa na mtu."

Nilisubiri mama mkwe akatae, au akasirike, au ainuke aondoke kama alivyozoea. Alikamua ncha ya nguo yake.

"Nilikuwa naita msichana yangu," akasema. "Shangazi yako. Alizama. Alikufa."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema neno lile. Mume wangu naye hakuwa amewahi, kwa maana aliketi hapo hapo sakafuni akafunika uso, mwanamume mzima, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mama mkwe hakulia. Alivuta taulo lililokuwa kwenye kamba, akalitandaza magotini, akamnyooshea mjukuu wake mkono.

"Hyasinta," akasema, "kuja nikukaushe nywele."

Mtoto akaenda. Nilipaswa kushangilia, kwani nilikuwa nimelipigania jina lile miaka yote hiyo, na mwishoni peke yangu. Badala yake niliogopa kuliko nilivyoogopa ndani ya magugu. Lile lingine, aliloliitikia tangu akiwa mchanga, halikutajwa tena nyumbani kwetu. Mwanangu alibaki na jina moja tu, na jina hilo, kutoka Dunga hadi Kisian, lilikuwa limefunika maji yote, na kila asubuhi lilikuwa limeongezeka.